Katuni Itafunguka kwa Nani?

Akili, mtoto wa miaka minne katika katuni za Akili and Me, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kipindi chake kilianza mwaka 2016, kikiwa kazi ya Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo lilikuwa tayari likirusha Ubongo Kids kupitia TBC1 tangu 2014. Old Moshi nako, kwenye miteremko ya mlima huo huo, video imekwisha kutumika kusimulia jambo zito. Maonyesho ya Mangi Meli Remains, yaliyoandaliwa na kundi la Flinn Works la Berlin pamoja na wenyeji, yaliwaletea watu habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani papa hapa tarehe 2 Machi 1900. Leo mchoraji anaweza kuwa kijana wa Kidia au Tsuduni mwenye kompyuta mpakato ya mtumba na programu za bure kama Blender, Krita au OpenToonz, au hata simu yenye FlipaClip. Anachora, anatia sauti, anamaliza dakika tatu za hadithi. Akifika kwenye kitufe cha kutoa video, programu inamwuliza maswali ambayo hakuna aliyemfundisha kuyajibu: MP4, MOV, AVI, MKV au WebM? H.264 au H.265? Fremu ngapi kwa sekunde?

Wengi hujibu kwa kutafuta fomati iliyo bora kuliko zote. Naona hapo ndipo wanapopotea. Fomati huchaguliwa kuanzia kwa mtazamaji: atafungua kwa kifaa gani, na faili litamfikia kwa njia ipi? Katuni moja iliyochorwa Old Moshi inaweza kutazamwa na shangazi wa Kiboriloni kwenye simu ya bei nafuu, na watoto kwenye televisheni yenye tundu la flashi, na ndugu aliyeko Ujerumani kwenye iPhone, na mhariri wa kituo cha televisheni Dar es Salaam. Faili moja haliwatoshi wote hao. Tena kuna faili la tano, ambalo mtazamaji hatalifungua kamwe: lile la kutunza. Mchoraji anayechanganya faili la kutunza na la kutuma hupoteza yote mawili, kwa sababu la kwanza ni zito mno kutumwa na la pili limebanwa mno kuweza kuhaririwa tena.

Zamani swali hili halikumsumbua mtu, kwa kuwa wenye viwanda walikwisha kulijibu. Filamu ya milimita 35 iliweza kuonyeshwa Zanzibar, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha ikafika Moshi kwenye sinema ya Plaza, na mashine za huko kote zikaipokea, kwa sababu upana wa utepe ni ule ule, matundu ya pembeni ni yale yale, na fremu ni 24 kwa sekunde. Ikaja mikanda ya VHS na deki zake. Zikaja VCD, ambazo kanuni zake za mwaka 1993 zilikuwa kali: katika nchi zilizofuata mfumo wa PAL kama yetu, picha ilikuwa ya pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, imebanwa kwa MPEG-1 kwa takriban kilobiti 1,150 kwa sekunde. Picha hiyo ilikuwa hafifu. Lakini aliyenunua diski sokoni alijua kwamba deki ya nyumbani itaisoma, na filamu za Bongo zilienea nchi nzima kwa uhakika huo, kwanza kwa VCD na baadaye kwa DVD. Tulipohamia kwenye mafaili tulipata picha safi zaidi, ila uhakika ule ukatuponyoka. Mahali pa deki pameshikwa na vifaa vya kila umri, kila kimoja na orodha yake ya kinachokubali na kinachokataa.

Mkanganyiko mwingi unatokana na herufi tatu za mwisho wa jina la faili. MP4 ni kasha tu. Ndani yake mna mkondo wa picha uliobanwa kwa kodeki (kanuni ya kubana na kufungua) fulani, mkondo wa sauti uliobanwa kwa kodeki nyingine, na faharasa inayokionyesha kifaa wapi fremu ipi ilipo. Gunia lililoandikwa sukari linaweza kabisa kuwa limejaa mahindi. Hivyo mafaili mawili yenye mwisho wa .mp4 yanaweza kuwa vitu viwili tofauti: moja limebanwa kwa H.264, kodeki ya mwaka 2003, jingine kwa H.265 ya mwaka 2013 au AV1 ya mwaka 2018. Simu ya zamani italicheza la kwanza, na la pili italionyesha kama giza lenye sauti. Mwenye simu atasema video imeharibika, kumbe haina kasoro yoyote.

Kama mtu anahitaji jibu moja la kuanzia, basi ni hili: kasha la MP4, picha kwa H.264, sauti kwa AAC. Umri wa H.264 ndio nguvu yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini watengenezaji wameiingiza ndani ya chipu za simu, televisheni na kompyuta, hata zile za bei ya chini kabisa, kiasi kwamba kifaa huifungua bila kuchosha betri. WhatsApp huitambua. YouTube yenyewe huwashauri watumiaji kupakia MP4 yenye H.264 na AAC. Sijaona sababu ya kumtumia mtu wa kawaida kitu kingine kama hujui simu yake ni ya aina gani.

Hata hivyo kusema H.264 hakutoshi, maana kodeki hii ina vyumba vya ndani ambavyo vifaa vingi haviingii. Mtego unaowanasa wachora katuni kuliko watu wengine uko kwenye rangi. Picha za PNG, ambazo ndizo programu za katuni hupenda kuzitoa, huhifadhi rangi ya kila pikseli kikamilifu. Video ya kawaida haifanyi hivyo. Inatunza mwanga wa kila pikseli, lakini rangi inatunzwa mara moja kwa kila kundi la pikseli nne, kwa mpangilio unaoitwa 4:2:0. Mchoraji akizigeuza PNG zake kuwa video kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi, bila kutaja chochote, programu itajitahidi kuheshimu rangi zote na kutoa 4:4:4. Kwenye kompyuta yake katuni itang'aa. Kwenye simu nyingi na karibu televisheni zote haitafunguka. Hali ni hiyo hiyo kwa anayechagua H.264 isiyopoteza chochote kwa nia njema ya kulinda ubora: aina hiyo inapatikana tu katika ngazi maalumu ya kodeki ambayo chipu za simu haziijui. Tiba ni kuiacha aina hiyo isiyopoteza, na kuongeza maneno mafupi kwenye amri ya FFmpeg, -pix_fmt yuv420p, au kutumia HandBrake, programu ya bure ambayo mipangilio yake ya kawaida inaelekea huko yenyewe. Biti 10 za rangi nazo, ingawa ni nzuri, ziachwe nje ya faili la H.264 la kutuma, kwa sababu hiyo hiyo.

Mitego mingine ni midogo, nami nitaipitia haraka. Urefu na upana wa picha katika mpangilio wa 4:2:0 lazima vigawanyike kwa mbili, hivyo picha ya pikseli 1,081 itakataliwa au itakatwa. Weusi unaoonekana kijivu kwenye televisheni, au vivuli vinavyogeuka lami, mara nyingi hutokana na kutoelewana kuhusu ngazi za mwanga, kwa kuwa video ya kawaida huhesabu kuanzia 16 hadi 235 wakati kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Na ile faharasa iliyo ndani ya kasha kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa faili. Ikibaki huko, anayetazama kwa intaneti dhaifu anaweza kulazimika kusubiri faili lote lishuke kabla ya kuona fremu ya kwanza. FFmpeg huihamishia mbele kwa -movflags +faststart, na HandBrake ina kisanduku cha kuweka alama, "Web Optimized". Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ambako mtandao unapanda na kushuka kadiri unavyopita bonde moja hadi jingine, alama hiyo inaweza kuamua kama mtu atatazama au ataacha.

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu video umeandikwa kwa ajili ya watu wa kamera, na katuni haifanani na picha za kamera. Ina maeneo mapana ya rangi moja, mistari mikali, na fremu zinazorudiwa. Mchoraji anayeshikilia kila mchoro kwa fremu mbili au tatu, na usuli usiosogea kwa sekunde nane, anaipa kodeki kazi nyepesi mno, maana fremu isiyobadilika haigharimu karibu chochote. Ndiyo maana ni upotevu kuipangia katuni kiasi maalumu cha biti kwa kila sekunde. Afadhali kutumia kipimo cha ubora, kiitwacho CRF, ambacho katika x264, programu inayotengeneza H.264, huanzia 0 hadi 51. Namba ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa. Kiwango cha kawaida ni 23. Kwa katuni ya rangi bapa, 20 hutoa picha safi kwa faili dogo ambalo mpiga picha wa harusi hawezi kulipata hata kwa maombi. x264 ina hata mpangilio uliotengenezwa kwa ajili hii, -tune animation.

Lakini wepesi huo una bei yake, na bei inalipwa kwenye mistari na kwenye anga. Kwa kuwa 4:2:0 hupunguza rangi ya picha ya 1920 kwa 1080 hadi 960 kwa 540, mstari mwembamba mwekundu juu ya jani la kijani utatoka umechafuka, hasa pale mwanga wa rangi hizo mbili unapolingana. Sisi tunaoishi na urithi wa Edward Said Tingatinga, wa vitone na mistari na rangi zinazogombana kwa furaha, tunaguswa na jambo hili moja kwa moja. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa mwaka 2010 uliotengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa ushirikiano na Tiger Aspect ya Uingereza, ulichota mtindo huo na kuuleta kwenye video. Anayetaka kufuata njia hiyo ajue kwamba kinachookoka kwenye kubana ni tofauti ya mwanga. Kontua nyeusi juu ya njano itapona hata kwenye simu ndogo. Nyekundu juu ya kijani cha mgomba haitapona.

Anga ndiyo taabu ya pili. Mchoro wa jua likizama nyuma ya kilele cha Kibo, rangi ya chungwa ikififia hadi buluu nzito, hupendeza kwenye programu ya kuchorea na kugeuka ngazi za mistari mipana baada ya kubanwa. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kila rangi, kwa kweli chini ya hapo, na anga pana inahitaji zaidi. Wataalamu hushauri kunyunyiza punje hafifu juu ya picha ili kuficha ngazi hizo. Ushauri huo unafaa kwa faili zito. Kwenye faili la WhatsApp punje zinafutwa na kubana, na ngazi zinarudi. Kwa maoni yangu tiba bora iko kwenye kalamu: chora mawingu, acha alama za brashi zionekane, vunja anga kwa ukungu ambao mlima huu haukosi. Mchoraji anayejua mapema kwamba kazi yake itaishia kwenye simu ana nafasi ya kuichora ili isalimike.

Sasa tufike kwenye njia zenyewe, tukianza na hesabu. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 bila kubanwa ina karibu MB 6.2. Kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni MB 155 kila sekunde, na dakika tatu ni GB 28. Kiwango ambacho YouTube inapendekeza kwa picha ya ukubwa huo, megabiti 8 kwa sekunde, kinazishusha dakika hizo tatu hadi MB 180. Kanuni ni nyepesi: zidisha megabiti za kila sekunde kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa nane, upate MB. Anayenunua bando la siku moja anaielewa hesabu hii kuliko mhandisi. Ukimtumia MB 180 umemla bando lake, na pengine atafuta katuni yako kabla ya kuitazama, jambo ambalo hastahili kulaumiwa.

WhatsApp ndiyo barabara kuu ya video Tanzania, nayo ina tabia ya kubana upya video zinazotumwa kama video. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa MB 16. Sasa kuna uchaguzi wa ubora wa HD, uliokuja mwaka 2023, na tangu 2022 faili lililotumwa kama dokumenti linaweza kufika GB 2 bila kuguswa. Wengi husema basi tutume kila kitu kama dokumenti. Kwa mhariri au mshirika wa kazi, ndiyo, hiyo ndiyo njia. Kwa shangazi wa Kiboriloni, hapana. Dokumenti haijichezi kwenye mazungumzo, inamtaka aipakue nzima kwanza, na inajaza simu ambayo tayari inalalamika kuhusu nafasi. Yeye afanyiwe toleo lake: picha ya 854 kwa 480, H.264, ndani ya MB 16. Kwa dakika tatu hesabu inatoa kama kilobiti 710 kwa sekunde. Ukitenga 96 za sauti, zinabaki 600 na ushei za picha. Kwa video ya ngoma au mechi kiasi hicho ni kichungu. Kwa katuni ya rangi bapa kinatosha vizuri. Umebana wewe mwenyewe, kwa macho yako, ukaona kilichopotea, badala ya kuiachia programu iamue yote kwa haraka ndani ya simu. Maandishi yawe makubwa, na tafsiri ya chini ichorwe ndani ya picha, kwa sababu mkondo wa pekee wa maandishi utapotea njiani.

Vibandiko vya WhatsApp ni jambo la pembeni ila vijana wanavipenda. Kibandiko kinachotembea ni WebP ya pikseli 512 kwa 512 isiyozidi KB 500. GIF, iliyozaliwa mwaka 1987, haina sauti na ina rangi 256 tu kwa fremu, na faili lake hunenepa kuliko MP4 ya picha ile ile. Itumike kwa kitu cha sekunde mbili, basi.

Flashi inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kwa nyumba nyingi, na kwa kibanda umiza, video haiji kwa intaneti, inaletwa mfukoni. Mwezi Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka miji yote, flashi zinapanda mlima pamoja nao. Hapa adui ni televisheni yenyewe. Nyingi hutaka flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo ambao hauruhusu faili moja kuzidi GB 4. Nyingi za zamani hukubali H.264 hadi ngazi ya 4.1 tu, inayotosha picha ya 1080 kwa fremu 30, kwa hiyo katuni ya fremu 60 itakwama bila maelezo. Sauti isipokuwa AAC au MP3, televisheni inaweza kuonyesha picha na kubaki bubu. Na bado zipo deki za DVD zenye tundu la flashi, ambazo hazijui H.264 kabisa. Kwa hizo, toleo la MPEG-2 la pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, bado linafanya kazi. Kulitengeneza ni dakika chache. Atakayelipokea ni mtu ambaye kila mtu mwingine amemsahau.

YouTube na TikTok zinahitaji maneno machache tu, kwa sababu zenyewe hutengeneza matoleo mengi kutokana na faili moja unalopakia. Hapo usipeleke toleo la kilobiti 600 ulilomwandalia shangazi, maana litabanwa mara ya pili na kutoka kama matope. Peleka lililo zuri kuliko yote ambalo bando lako linaweza kubeba. Ukitaka pia picha ya kusimama, ya 1080 kwa 1920, ipange wakati wa kuchora. Kukata kando za picha ya kulala baada ya kazi kwisha huwakata wahusika vichwa na mikono.

Hapa ndipo wapenzi wa teknolojia huuliza kuhusu H.265 na AV1. Ni kweli zinabana zaidi. H.265 hutoa ubora unaolingana na H.264 kwa karibu nusu ya biti, na AV1, ambayo haidai ada ya hataza, inakwenda mbele zaidi. Katika nchi ambako kila MB inalipiwa, nusu si jambo dogo, nami natamani siku ifike ambapo tutazitumia bila wasiwasi. Bado haijafika kwa kifaa cha mtu wa kawaida. Kwenye kompyuta nyingi za Windows, programu ya video iliyokuja nayo haiichezi H.265 bila nyongeza inayouzwa, kwa sababu ya ada za hataza. Simu isiyo na chipu ya AV1 hulazimika kuifungua kwa nguvu ya kichakataji, ikapata joto na kula betri. Mchoraji wetu atakutana na H.265 kwa mlango wa nyuma: iPhone zimekuwa zikirekodi kwa kodeki hiyo tangu 2017, na ndugu wa Ujerumani akituma video aliyopiga ili iingizwe kwenye katuni, kompyuta ya mtumba inaweza kuikataa. Aigeuze kwanza, kisha afanye kazi. Na yeye asimtumie ndugu huyo MKV, ambayo iPhone haiifungui bila programu ya ziada. Blender kwa muda mrefu imekuwa ikipendekeza MKV kama kasha lake la kwanza, kwa hiyo kosa hili hutokea bila mtu kukusudia. Habari njema ni kwamba kuhamisha H.264 kutoka MKV kwenda MP4 hakuhitaji kubana upya. FFmpeg hufanya hivyo kwa sekunde chache kwa -c copy, na picha haipotezi chochote.

Kituo cha televisheni kina kanuni zake za kiufundi, na hatua ya kwanza ni kuziomba kwa maandishi kabla ya kuchora fremu ya kwanza. Jambo moja tu lisisubiri: idadi ya fremu. Utangazaji wetu umerithi fremu 25 kutoka PAL. Aliyechora kwa 24 akalazimika kuharakisha hadi 25 ataona filamu ikifupika kwa asilimia nne na sauti za wahusika zikipanda, isipokuwa zirekebishwe. Kama televisheni iko hata kwenye ndoto zako, anza na 25. YouTube na simu hazitalalamika. Na hakikisha fremu hazibadiliki idadi katikati, kama zinavyofanya video zilizorekodiwa kwa simu, la sivyo midomo na maneno vitaachana polepole hadi mwisho wa hadithi. Mhariri akiomba mhusika peke yake bila usuli, MP4 ya H.264 haiwezi kubeba uwazi huo. Mpe mfululizo wa PNG, au MOV ya ProRes 4444. Majumba ya sinema na matamasha makubwa hutumia DCP, ambayo kila fremu yake ni picha kamili ya JPEG 2000. DCP-o-matic huitengeneza bure, na mtu asihangaike nayo kabla ya kukubaliwa na tamasha.

Limebaki faili la kutunza, ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo zima. Ushauri wangu ni kutorenda katuni, yaani kutoitoa, moja kwa moja kuwa MP4 hata mara moja. Renda mfululizo wa PNG, kila fremu faili lake. Sababu ya kwanza ni umeme. Kurenda dakika tatu kwenye kompyuta dhaifu kunaweza kuchukua usiku mzima, na MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa, hivyo umeme ukikatika fremu kumi kabla ya kumaliza, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. Ukiwa na PNG, unaanzia pale ulipoishia. Dakika tatu za fremu 25 ni picha 4,500, na kosa la mkono wa mhusika kwenye fremu ya 2,310 linarekebishwa kwa kurenda upya fremu chache tu. Sababu ya pili ni kwamba kutoka kwenye PNG hizo matoleo yote niliyoyataja hutengenezwa bila chanzo kupoteza kitu, leo na baada ya miaka kumi. Mafaili maelfu ni kero kunakili kwenye flashi, kwa hiyo kazi ikiisha yakusanywe kuwa faili moja la FFV1 ndani ya MKV. Kodeki hiyo haipotezi hata pikseli moja, iko wazi kwa kila mtu, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2021 na IETF, shirika la viwango vya intaneti. Watunza nyaraka huipenda kwa sababu hizo.

Utunzaji huu una uzito wa pekee mahali kama Old Moshi. Bruno Gutmann, mchungaji wa misheni ya Leipzig aliyeishi Kidia, alichapa hadithi za Wachagga kwa Kijerumani mwaka 1914, na karatasi hizo bado zinasomeka. Katuni nyingi za miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa Flash zilinyamaza mwishoni mwa 2020, Adobe ilipositisha programu ya kuzichezea, na zisizogeuzwa mapema sasa zinahitaji programu za kuiga Flash ili kuonekana. Nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, moja nyumbani na nyingine kwa mtu anayeaminika mjini, ni gharama inayobebeka.

Sauti nayo itunzwe kwa mafungu, na wengi hulikumbuka hili wakiwa wamekwisha kuchelewa. Maneno ya wahusika yawe kwenye faili lake la WAV la 48 kHz, muziki kwenye lake, na milio ya mbwa, mvua na mifereji kwenye lake. Ubongo husambaza vipindi vyake katika lugha kadhaa, na kazi ya namna hiyo inawezekana tu pale maneno yanapoweza kuondolewa bila kuondoka na muziki. Mchoraji wa Old Moshi aliyeunganisha kila kitu ndani ya MP4 moja amejifungia Kiswahili peke yake. Aliyetenga mafungu anaweza kumwomba mzee wa Tsuduni asome maneno yale yale kwa Kimochi, lugha ya huko, na ndugu wa Ujerumani ayasome kwa Kijerumani, kisha akatoa matoleo mawili mapya jioni hiyo hiyo bila kurenda fremu hata moja.